Sauti ya Tezo Kwenye Kaseti ya Kwaya

Jericho, Nairobi
Jumatatu

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mgongo umetulia na unakaa kazini bila kuegemea ukuta. Mama ameniandikia kwamba kikohozi chake kimekwisha. Niambie wewe kama ni kweli, maana yeye habari mbaya haziandiki. Mimi na Kioko hatujambo.

Swali lako nililipata. Uliuliza kama ni kweli mdogo wangu anachukua muziki wa watu kwenye kompyuta na kuutia jina lake, kama wale wachongaji wanaonunua twiga aliyechongwa na mwenzao na kukwangua namba ya mchongaji iliyo chini ya miguu. Ukasema ikiwa ni hivyo, jina lako, analolibeba Kioko, lisionekane kwenye kaseti ya kwaya yetu. Kioko aliisoma barua ile, akaikunja, na kwa siku nne hakwenda Buruburu kwenye kompyuta. Sikumtetea. Nilimhoji kama ninavyowahoji watu kazini, naye akanionyesha.

Kazi yenyewe iko hivi. Kuna diski yenye vipande vifupi vya gitaa, besi na ngoma, vilivyopigwa na watu tusiowajua. Kompyuta hukizungusha kipande kimoja mara nyingi kadiri utakavyo. Kioko huchagua, hukata, hupanga, huongeza vyake. Karatasi iliyokuja na diski inasema aliyeinunua anaweza kuvitumia vipande hivyo katika wimbo wake. Diski aliinunua, na karatasi nimeisoma mwenyewe mpaka mwisho.

Mwalimu Asava hakutaka karatasi. Huyu ndiye kiongozi wa kwaya, karani mstaafu wa reli. Jumamosi baada ya mazoezi aliwaketisha wanakwaya wote wausikilize wimbo wa Kioko, waamue kama utaingia kwenye kaseti.

"Kioko," akasema, "katika haya yote, kidole chako kiko wapi?"

"Besi si yangu, Mwalimu. Gitaa si langu. Mpangilio ni wangu."

"Hata mimi nikipanga viti hapa, sijawa seremala."

Watu wakacheka. Mmoja wa sauti ya nne akauliza kama hiyo kompyuta imebatizwa. Kioko akaanzisha kaseti.

"Na hizo ngoma je?" Mwalimu akauliza. "Nazo za Wazungu?"

Kabla Kioko hajafungua kinywa, Mama Syombua wa sauti ya pili aliinua mkono. Yeye ni binti wa mchongaji, wa huko kwetu.

"Hiyo si ngoma," akasema. "Huyo ni mtu na tezo lake la kuchongea. Sikilizeni: mbili nzito, moja nyepesi, halafu kimya. Hapo amegeuza gogo kwa mguu."

Mwalimu akaomba kipande hicho kirudiwe. Kikarudiwa mara tatu.

Ni wewe, Baba. Krismasi, Kioko alipokaa nawe kwenye kibanda chako cha kuchongea na redio kaseti, ukidhani anasubiri taarifa ya habari, alikuwa anakurekodi. Alipaswa kukuomba ruhusa, na hilo nimemwambia. Kile kimya kilimsumbua kwa siku mbili, kwa sababu waimbaji aliowajaribisha walikuwa wakiingia mapema. Alitaka kukikata. Mwishowe alikiacha, akawaambia wavute pumzi hapo hapo.

Mwalimu Asava alikuna kidevu. "Basi tuandike ukweli wote. Gitaa na besi, vimetoka kwenye diski. Tezo, baba yake. Mpangaji, Kioko. Nani ana neno?"

Hakuna aliyekuwa nalo. Wimbo umeingia. Jioni hiyo Kioko alikula ugali wake, akamaliza na wangu, nami nikamwachia. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba hakukwangua namba ya mtu. Nimepumua.

Msalimie Mama, na shangazi wa sokoni, na mjomba dereva akipita nyumbani. Jirani yako wa kibandani mwambie naye anasikika: kuna mahali anapiga chafya.

Kava la kaseti halijaenda kuchapishwa. Linasubiri neno lako. Mwalimu angependa na mti utajwe. Mimi nasema ulikuwa mpingo, Kioko anasema muhugu, na hakuna anayekubali kushindwa. Ukiridhia jina lako liandikwe, tuandikie jina la mti tu. Tutaelewa.

Binti yako,
Mwikali