Nywele za Kisogoni Kuhamia Mbele

Shikamoo mama mshauri,

Naomba usinicheke, maana kazini wameshanicheka vya kutosha. Mimi ni mpiga picha, nina studio ndogo ya picha za vitambulisho na harusi, na nywele za mbele zilianza kuniaga nikiwa bado nasoma, zikarudi nyuma kidogo kidogo mpaka sasa, kabla sijafika hata miaka thelathini, paji la uso limekaribia utosi, na mwenzangu wa studio ananiita Taa, eti nikiinama kurekebisha kamera hana haja ya kuwasha ile kubwa. Nacheka naye, lakini mama, kuna wateja wanaume wanaoninong'oneza niwaongezee nywele kwenye kompyuta, nami nawaongezea, zinakaa vizuri kabisa, halafu nikijiona kwenye kioo cha wateja najiuliza kwa nini na mimi nisiongezewe, tena za kweli.

Sasa binamu yangu, mtoto wa mjomba, dereva wa malori, alisafiri akapandikizwa nywele. Aliporudi na vidoti vyekundu kichwani tulimzunguka pale sebuleni kwa mjomba, kila mtu anataka kuona, na mimi nikamwuliza maswali mpaka akachoka, inauma, wanazitoa wapi, na nywele iliyozoea kukaa nyuma itakubali vipi kuishi mbele? Akanieleza kwamba wanakupiga sindano ya ganzi, wanachomoa nywele za kisogoni pamoja na mizizi yake, wanazipanda mbele, na kwa kuwa za kisogoni hazina tabia ya kupotea kama za mbele, zikihama zinahama na tabia yake. Jambo hilo lilinishangaza mno, nikawa hata nikipiga picha za watu nawaangalia visogo.

Nikapiga simu kliniki hiyohiyo iliyompandikiza, mtu wa mapokezi akaniambia nitume picha ya kichwa, nikajipiga kitaalamu na mwanga wa pande zote, na kabla sijarudisha kamera kwenye mkoba akajibu kwamba ninafaa, nichague tarehe. Nikachagua wiki chache kabla ya harusi yangu ili siku hiyo nipendeze.

Shida imeanza juzi. Binamu alinipigia kwa sauti ya chini akasema, "Njoo, lakini uje peke yako." Nikamkuta chumbani amevaa kofia, na mto umejaa nywele.

"Zimeanguka karibu zote," akasema. "Nilikuwa nazilea kama yai."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, hajui acheke au alie. Kliniki wanamwambia ni kawaida asubiri, mjomba anamwambia kila anayepita kwamba mwanawe ametapeliwa, na mimi sijui nimwamini nani. Nikaenda kumweleza mchumba wangu, ambaye ni fundi cherehani, naye akaniuliza kitu kimoja tu, "Na vile vipele vya kisogoni?" Maana nikinyolewa chini sana hutokwa na vipele nyuma vinavyogeuka kuwa vigumu kama mbegu, na kovu la sikioni nililolipata utotoni limevimba mpaka leo. Nikamwambia kliniki hawakuuliza. Akasema, "Ndiyo maana nauliza mimi." Badala ya kumjibu nikamwambia anataka nibaki na upara ili mwanamke mwingine asinitamani, neno likawa limeshatoka, na tangu hapo ananijibu kwa mkato.

Je, niende au nisiende? Na nywele za binamu zitarudi kweli?

Taa

Marahaba, mwanangu.

Sikucheka, isipokuwa kidogo pale kwenye visogo vya wateja. Maswali yako ni mazuri. Ubaya ni kwamba uliyamaliza yote kwa binamu, yule wa kuulizwa hasa ukamtumia picha.

Barua yako nilimsomea daktari wa ngozi ninayemwamini. Anasema nywele zilizopandwa kuanguka katika wiki za mwanzo huwapata wengi. Mizizi hubaki ndani, huanza kuota tena baada ya miezi kadhaa, na matokeo kamili huonekana baada ya mwaka hivi. Kwa hiyo binamu atulie, asijikune, na akiona usaha au maumivu yanazidi aende hospitali. Mjomba naye apunguze matangazo.

Sasa hesabu mwenyewe: ungefika kwenye harusi yako ukiwa katika hali ya binamu. Wewe, mpiga picha.

La pili ni zito zaidi. Aliyekuambia unafaa bila kukugusa kichwa alikuona mteja tu. Hakuuliza makovu, dawa unazotumia, wala upara wa baba yako ulifika wapi. Vipele vyako viko palepale wanapochomoa nywele, na ngozi inayovimbisha kovu inaweza kukuachia upara mbele na uvimbe nyuma. Tena upara wako bado unasafiri. Ukijaza mbele leo, nyuma yake patazidi kunyonyoka na utabaki na kisiwa cha nywele, na zile za kisogoni zikishachomolewa hazioti nyingine mahali pake. Ndiyo maana madaktari wengi kwanza hujaribu kuutuliza upara kwa dawa, na dawa hizo mara nyingi huendelea hata baada ya kupandikiza.

Futa tarehe hiyo. Mwambie kinyozi aache kukunyoa mpaka ngozi. Siku ukiruhusiwa na daktari wa ngozi aliyekugusa kichwa, uliza kliniki nani hasa atashika kifaa, daktari au msaidizi wake. Omba kuona watu wenye nywele za kujikunja kama zako, waliokwisha kumaliza mwaka tangu wapandikizwe, kwa sababu mizizi ya nywele hizo hupinda chini ya ngozi na asiyezizoea huikata. Kisha omba wajaribu sehemu ndogo kwanza, uone kovu linavyokaa.

Nilipokupigia simu kabla ya barua hii kuchapishwa, uliniambia umeshakwenda kwa daktari wa ngozi, amekipapasa kisogo chako na kukataza kisiguswe kwa sasa. Nilisikia sauti yako imeshuka. Pole, mwanangu. Kutamani nywele si ujinga, na mlango haujafungwa.

Ila mchumba wako ulimwonea. Alikuuliza swali ambalo kliniki nzima haikuuliza, ukamlipa kwa tusi. Ukaniambia pia kwamba daktari amekupa dawa ya kupaka kisogoni asubuhi na jioni, na kila ukijipaka inaishia kwenye kola ya shati. Ichukue dawa hiyo uende nayo kwa fundi cherehani wako. Anza na samahani, kisha uinamishe kichwa akupake.