Waya Usiokuwa Kwenye Mchoro

Nyalenda, Kisumu
9 Aprili 1989

Mwanangu Nelima,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, ila goti la mamako linamsumbua tangu mvua ianze. Natumaini baridi ya Glasgow imepungua na unakula vizuri.

Nelima, kuna shida kazini. Wasike, yule jirani aliyekubebea sanduku siku ya safari yako, amekatwa mkono wa kulia na mashine ya kusaga barafu. Ilikuwa asubuhi, malori ya samaki aina ya mbuta yamejaa uani. Nilisikia kelele nikakimbia, nikamfunga kwa shati langu damu isimwishe. Yuko hospitali. Ataishi.

Sasa kiwanda kinatafuta mwenye kosa, na nyaya za mashine ile nilizipanga mimi. Kifuniko kikiwa wazi, mota haiwezi kuzunguka. Kwa hivyo lazima Wasike alipenyeza mkono chini, pale barafu inapotokea. Mwenyewe anasema barafu ilikwama, akafungua kifuniko akijua mota itasimama.

Uliniandikia kwamba mnafundishwa kuandika saketi za umeme kwa lugha ya kompyuta, halafu kompyuta yenyewe inaonyesha kama zina kasoro. Mchoro wangu nimeutia humu. Swichi saba, na relei tatu za kupitisha umeme. Iulize kompyuta. Nikiwa na karatasi ya chuo kikuu hawataweza kunigusa.

Ni mimi babako,
Laban


Glasgow
24 Aprili 1989

Baba mpendwa,

Barua yako imenikuta mzima, lakini habari za Wasike zimenihuzunisha sana. Mpe Mama pole ya goti.

Mchoro nimeuandika wote. Lugha hii haiambii kompyuta fanya hili, kisha lile. Inasema tu kila kitu ni nini, kama hesabu: unaingiza hali za swichi, unapata hali ya mota. Majina nimeyaacha kwa Kiswahili, na mwalimu wangu amejifunza kuyasoma. Moyo wa mchoro ni huu:

mota = na kifuniko (na (si zima) (au washa (kabla mota)))

Yaani mota huzunguka kama kifuniko kimefungwa, na hakuna aliyebonyeza zima, na ama mtu amebonyeza washa au ilikuwa ikizunguka tangu kabla. Kwa kuwa imeandikwa hivi, nimeweza kujaribu kila hali inayowezekana ya swichi saba na ya mota ya kabla, zote mia mbili hamsini na sita. Hakuna hata moja ambamo mota inazunguka kifuniko kikiwa wazi. Hata moja, Baba.

Nilifurahi kwa muda mfupi. Halafu nikaikumbuka ile njia ya barafu chini, siku uliyonipeleka kuona mashine. Mkono wa mtu mzima haupiti pale.

Nikabadilisha neno moja tu. Mahali pa kifuniko nikaandika kweli, kana kwamba kimefungwa siku zote. Mota ikazunguka kifuniko kikiwa wazi.

Baba, kuna waya usiokuwa kwenye mchoro?

Binti yako,
Nelima


TELEGRAMU
Kisumu, 8 Mei 1989

TUMA KARATASI YENYE MUHURI. KIKAO 22 MEI. USIULIZE MENGI. BABA


Glasgow
9 Mei 1989

Baba,

Habari za hapo, na za Mama? Mimi sijambo.

Hukunijibu. Karatasi hii hapa, mwalimu ametia sahihi na muhuri. Kila neno lake ni kweli: saketi iliyo kwenye mchoro huu ni salama. Haisemi lolote kuhusu mashine iliyoko kiwandani, maana sisi hatujaiona. Ukiiweka mezani, Wasike atakuwa mwongo mbele ya watu wote.

Nilitaka kuikalia karatasi hii nisiitume. Nimeona siwezi kukuamulia, wewe ni baba yangu. Lakini kama kuna unachojua, tafadhali usinifanye shahidi wako.

Binti yako,
Nelima


Nyalenda, Kisumu
17 Juni 1989

Mwanangu Nelima,

Tunaendelea salama, na mamako anakusalimu sana. Nisamehe kimya changu. Barua nimezichana nyingi kabla ya hii.

Waya ulikuwepo. Mwezi wa kwanza ile swichi ya kifuniko iliingia kutu na utelezi wa samaki, mashine ikawa inazimika kila mara. Meneja akaniambia, "Laban, samaki wanaoza, fanya kitu." Nikaweka kipande cha waya kuruka swichi, urefu wa kidole. Nilisema ni cha siku moja, mpaka swichi mpya ije kutoka Nairobi. Kikakaa miezi mitatu. Siku ile, watu walipokuwa wanampakia Wasike kwenye gari, mimi nilirudi ndani nikaking'oa. Wewe nikakuchorea mashine jinsi ilivyopaswa kuwa.

Siku ya kikao karatasi yako ilikuwa mfukoni. Wasike aliingia na mkewe Maximilla, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa pini. Meneja akasoma: mfanyakazi alikuwa mzembe. Kisha akanigeukia. "Fundi, thibitisha."

Nikatoa mchoro peke yake. Nikaomba kalamu, nikauchora ule waya mbele yao. Nikasema, "Huu niliuweka mimi, na meneja alijua." Meneja alipiga kelele mpaka afisa wa kazi kutoka serikalini akamnyamazisha. Afisa akaniambia nitie sahihi kando ya waya. Nikatia.

Wasike amepata haki yake. Mimi kazi imekwisha, na polisi wameandika maelezo yangu mara mbili. Sijui mwisho wake. Siku za soko natengeneza redio kule Otonglo.

Lakini kinachonisumbua si hayo. Tulipotoka nje nilimfuata Wasike. Nilijiandaa kutukanwa. Aliniangalia tu, akasema polepole, "Laban, ungeniambia kuna waya. Ningechunga mkono wangu."

Maximilla akamshika bega, wakaenda zao.

Ni mimi babako,
Laban