Wanawake wa Chemchemi ya Saio

Bunia, tarehe 20 Julai 2003

Kwa yaya wangu mpendwa Émilienne, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu na za mwanangu Jemima, ambaye sasa anatembea. Mama anaendeleaje na miguu yake? Na huko Kisangani, mnakula vizuri? Siye tungali hai. Unisamehe mwandiko.

Ulipoondoka, chemchemi ya hapa Saio ilikuwa bado na nguvu. Mwaka huu kiangazi kilizidi, maji yakawa membamba kama uzi, na wakimbizi kutoka Djugu wakaongezeka. Wanawake walianza kupigana kwa bidoni zao za maji. Aliyetutuliza ni Domitille, mkulima aliyekimbia kutoka upande wa Bambu. Si wa kabila letu, unaelewa. Alisema kwao chemchemi ikichoka huondolewa tope, huzungushiwa mawe, na mikaratusi inayoinyonya hung'olewa. Tulifanya kazi majuma matatu, makabila yote, watoto mgongoni, na maji yakarudi. Tukapanga zamu: bidoni mbili kila nyumba, wenye wagonjwa kwanza. Pale hakuna aliyemuuliza mwenzake ni wa nani.

Mwezi wa tano vita viliingia mjini. Vijana wenye silaha, wa upande wetu, walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta watu wa kabila la Domitille. Walimkuta amejificha katika jiko la Marie-Claire, jirani yetu. Wakamkata mkono wa kuume kwa panga, wakamwacha wakidhani amekufa. Saio nzima ilijiuliza walijuaje jiko lile.

Yaya, ni mimi. Walimwekea Jemima mtutu wa bunduki kichwani, wakaniuliza mkimbizi yuko wapi. Nilisema, "Kwa Marie-Claire, kwenye jiko." Asubuhi ileile nilikuwa nimempelekea Domitille bugali ale humo kwa mikono yangu.

Juma lililopita Domitille alitoka hospitali, akaja chemchemini. Sikuweza kuficha tena. Nikakiri mbele ya wote. Marie-Claire akatema mate chini. Domitille alisema alijua tangu siku ile, maana alikuwa nyuma ya ukuta wa udongo wa jiko lile, hatua chache tu kutoka kwetu, na sauti yangu anaifahamu. Kisha akasogea pembeni, akanionyesha maji.

"Chota," akasema. "Ni zamu yako. Batoto iko na kiu."

Yaya, nilishindwa kunyanyua bidoni. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa msamaha, na sithubutu kumuuliza. Kila asubuhi namchotea kwanza yeye, nampelekea mlangoni. Anapokea kwa mkono uliobaki.

Usinitafutie maneno ya kunitetea. Msalimie shemeji na watoto. Na mama umsomee barua hii yote, usiruke mahali.

Ni mimi mdogo wako,
Joëlle