Papa, Kiti Chako Kimeondoka

Papa yangu,

Aline wetu mdogo ameolewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kunawa mikono. Kijana ni wa mtaa wa Keshero, seremala, mpole, ila kwa ugali anakula kama watu watatu. Ungempenda. Ungejifanya humpendi, lakini ungempenda.

Kuna neno lingine, gumu, na nitalizunguka kwanza kama ulivyokuwa ukituzungusha wewe.

Unakumbuka mlima ulipopasuka? Nilikuwa mtoto, nimeng'ang'ania kitenge cha mama, tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na umati wote ule. Asubuhi ukasema unarudi kuona nyumba. Mama akakuambia, "Nyumba gani, muzee? Mji mzima ni moto!" Ukaenda tu. Kichwa ngumu wewe! Jioni tukakuona unakuja, uso mweusi kwa majivu, kiti chako cha mbao ngumu ya libuyu kichwani. Wenzako wamebeba magodoro, wamebeba sufuria, wewe umebeba kiti. Tena kimeungua mguu, kwa sababu njiani ulichoka ukakiweka chini, juu ya mawe uliyodhani yamepoa.

Mama akashika kiuno. "Umeacha vyombo vyangu vyote viungue, ukaniletea hiki kilema?"

Ukajibu bila aibu, "Mutu akiwa na pa kukaa, yeye ndiye mwenye nyumba."

Haki ya Mungu, mama alicheka. Hatukuwa na nyumba, hatukuwa na hata kijiko, na alicheka mpaka akakaa chini.

Ukajenga tena kwa mbao, juu ya mawe yaleyale yaliyotuchomea. Chini ya mguu mfupi wa kiti ukaweka jiwe jeusi la bapa, na tangu siku hiyo kiti hakikusogezwa. Ukiwa nje, Aline alikuwa akikikalia na kukohoa kama wewe, nami nalinda mlangoni nisije nikacheka ukatusikia.

Vita vikaja, vikaenda, vikarudi na jina lingine. Ng'ombe zako zilikuwa Masisi, na kila waasi walipotajwa hukulala. Siku ile ya kuondoka kwako mama alikuzuia, mimi nilikuzuia. "Naenda kuziona tu," ukasema. "Kesho kutwa niko hapa." Ukapiga simu kutoka mlimani, unapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto: "Gaju amezaa! Jike!" Kisha rezo ya simu ikakata. Barabara nayo ikakatwa. Kati ya maneno yote uliyokuwa nayo, Papa, umetuachia ya ng'ombe.

Tulikutafuta. Nilizunguka kambi za Munigi hema kwa hema, na picha yako mkononi, ile uliyovaa koti la ndugu yako. Mmoja akasema amekuona Sake. Mwingine akaapa uko Vitshumbi, unashona nyavu na wavuvi. Wewe, unayeogopa maji hata ya ziwa letu hapa! Nilimcheka usoni. Lakini mama alishika hiyo ya Vitshumbi, akaishi nayo miaka. Mbwa akibweka, anainua kichwa. Chakula kikiiva, anakubakizia, kisha asubuhi anakila yeye mwenyewe kimepoa.

Ndipo wakaja watu wa Keshero kumwomba Aline. Papa mudogo Faustin, ndugu yako, ndiye aliyepaswa kupokea ng'ombe za mahari badala yako. Akakataa. "Siwezi kukaa pahali pa mutu mwenye tunahesabu angali muzima nikapokea ng'ombe za mutoto wake," akasema. "Hiyo ni kumuzika kwa siri. Tumulilie kwanza." Sikumchukia. Alikuwa analia akisema hivyo.

Mama akainuka, akaenda kuchochea moto. Watu wa Keshero walingoja, wakarudi, wakangoja tena. Aline akaanza kukonda. Siku moja mama akasema, bila kumtazama mtu, "Muulizeni mukubwa wao." Unajua desturi: neno la kifo hutoka kwa mtoto wa kiume wa kwanza. Huna mtoto wa kiume, Papa. Likaniangukia mimi.

Nilisimama pale saloni, tunapopokelea wageni, mbele ya ukoo, nikasema, "Papa amekufa." Maneno mawili. Wakamnyoa mama. Mchungaji akaomba kwa ajili ya ndugu yetu aliyetangulia, na nilitaka kumuuliza, ametangulia wapi? Hatukuwa na mwili, hatukuwa hata na kofia. Tuliulilia ukuta.

Siku ya mahari Papa mudogo alikivuta kiti chako katikati ili awatazame wageni. Hakujua habari ya jiwe. Alipokaa, kikamwinamisha nusura aanguke. Siku zako tungevunjika mbavu. Hakuna aliyecheka. Jioni wazee wa ukoo wakamkabidhi kiti, maana kiti cha marehemu ni cha aliyeshika nafasi yake. Kikafungwa kwa kamba juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na mama akakisindikiza mpaka barabarani, kama mgeni.

Watu walituambia tukilia tutapona. Wamesema uongo. Nilidhani nitalia yaishe, kumbe nimeongeza tu: zamani nilikuwa na baba aliyepotea, sasa nina baba niliyemuua kwa mdomo wangu ili mdogo wangu aolewe. Na mama, Papa, mama ndiye anayeniua. Mbwa anabweka, yeye anaendelea kutwanga sombe yake ya majani ya mihogo. Hainui kichwa tena. Anapika chakula kinachotutosha sisi wawili, hakibaki.

Jiwe lako bado liko. Kiti kimeondoka, jiwe limebaki katikati ya sakafu, na mama kila asubuhi anafagia pembeni yake. Sijamwambia alitoe, naye hajaniambia.

Kama umelala, lala, Papa, tumekwisha kukuaga. Kama uko hai mahali, unashona hizo nyavu, sijui nikuambie nini. Ulisema mwenye pa kukaa ndiye mwenye nyumba. Ukirudi leo, utasimama.

Ni mimi, mkubwa wao.