Protoni Mbili na Mguu wa Mzee

3 Machi

Kaka,

Mzee kamrushia daktari kikombe cha chai. Salamu zitafuata, ngoja kwanza nitue hasira. Daktari kasema kidonda hakiponi tena, mguu ukatwe mwezi huu, la sivyo sumu itapanda mwilini. Mzee kajibu, "Hakatwi mtu hapa mpaka mwanangu mkubwa aje. Nina neno naye." Wauguzi wakanigeukia mimi. Na mimi kuongea na watu unanijua.

Najua unawaza lile geti. Ulilishikiza kwa nukta nne tu za kulehemu, mkagombana, ukaenda zako chuoni hujalimalizia, likamwangukia mguuni. Mpaka leo anakulaumu. Lakini njoo.

Hujambo lakini? Sisi ndiyo hivyo.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi mzima, ila ualimu umenibana. Wiki hii nafundisha kiini cha atomu. Mle ndani mna protoni, zote chaji moja, kila moja inamsukuma mwenzake: toka hapa! Kinachozishikilia ni nguvu nyingine, kali kuliko huo msukumano, ila haifiki mbali. Zikiachana kidogo tu, imekwisha, unabaki msukumo mtupu.

Ndiyo mimi na mzee. Tulishaachana. Halafu kuna nyutroni, haina chaji, haigombani na mtu, inasaidia kushika. Huyo ni wewe. Mshike mzee, akubali kukatwa.

Kaka yako

24 Machi

Kaka,

Shikamoo, ingawa leo imenitoka kwa shida. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kusoma kwangu ni kwa kutambaa. Kwa hiyo wewe protoni, mzee protoni, mimi ndiyo gundi? Gundi haichoki? Tena umeandika mwenyewe hiyo nguvu haifiki mbali. Sasa unasubiri ikufuate huko kwa posta?

Sikiliza. Hili mzee alitaka akwambie kwa mdomo wake, jana likamtoka kwangu. Siku ile aliona geti limeshikizwa tu. Fundi mzee vile, angeachaje kuona? Akaingia chini yake makusudi. "Nilitaka liyumbe kidogo," kasema, "nimwite arudi, nimwaibishe mbele ya mafundi." Likashuka lote.

Nimemfokea, kaka. Mgonjwa, kitandani, nimemfokea mpaka wauguzi wakaja mbio. Akageukia ukutani. Miaka yote mmeniweka katikati, yeye kabeba uongo, wewe umebeba lawama, na mimi nabeba beseni! Sijui nimkasirikie nani kwanza. Wewe uko mbali, ndiyo maana kaanza yeye.

Na bado kagoma. "Nikatwe halafu nife sijamwambia?" Mguu umeshabadilika rangi mpaka karibu na goti. Asubuhi daktari kaniambia nje ya mlango, taratibu, kama anayeogopa nami nina kikombe: mwisho wa kukata ni kesho kutwa, baada ya hapo asilaumiwe yeye.

Nimemwomba mama wa kitanda cha jirani amwangalie. Naacha hapa, niko stendi, basi limeshawashwa na kondakta ananipigia kelele nipande. Barua hii nitakukabidhi kwa mkono. Ukijificha ofisini nitaingia darasani, mimi ninayeogopa hata kuagiza chai hotelini, nikutoe mbele ya wanafunzi wako kwa ukosi wa shati.

Mdogo wako