Nilimwambia Baba Damu Yake Ni Nzuri

Mama Pascaline mpendwa, nisaidie, moyo wangu hautulii hata nikiwa naswali. Mi naitwa Afrah, naishi Mutanga Nord na baba yangu, mzee Obeid, mwenye duka la vitambaa kule Jabe, ana sukari na kidonda chini ya mguu tangu Ramadhani, na mwezi uliopita walimpima damu wajue kama kidonda kitafunga, daktari akanisomea karatasi kwa Kifaransa, kwamba sukari ya miezi mitatu iko juu, protini iko chini, kipimo cha uvimbe kimepanda, kwa hiyo kidonda hakitapona kwa urahisi, baba asikanyage mguu ule na arudi baada ya wiki moja, na baba, ambaye Kifaransa chake ni cha kusalimia tu, akaniuliza, "Damu yangu inasema nini?" Asubuhi ile kwenye teksi alikuwa ameapa kwamba wakitaja kukata mguu hatarudi tena hospitali, nikaogopa, nikamjibu, "Inasema utapona, baba." Akamshukuru Mungu, akafungua duka siku ileile, sasa ni wiki tatu anasimama kutwa nzima, miadi ilipita nikanyamaza, na jana bandeji ilikuwa imelowa, inanuka, naye akasema, "Apana kuogopa, mutoto wangu, si damu yangu iko muzuri?" Nikimwambia ukweli atanichukia. Nifanye nini?

Afrah

Afrah mwanangu, bandeji inayonuka haingoji gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu siku ileile nikakuambia umpeleke kabla ya adhuhuri. Umefanya vizuri kwenda, na afadhali wamemlaza. Sasa nikugombeze. Ulimwonea huruma baba yako, ukamficha habari za mwili wake mwenyewe. Tena hukuisikiliza ile karatasi: hakuna aliyetaja kukata. Namba zile zilionya kwamba kidonda kitachelewa, na kila moja ina dawa yake. Sukari hushushwa, chakula hurekebishwa, vijidudu hutibiwa. Wiki tatu zimepotea, na daktari bado hajaahidi kitu.

Kwa hiyo usitafsiri tena. Mwombe muuguzi wa pale anayejua Kiswahili aongee na mzee mwenyewe, kila namba, hata mbaya. Duka lisimamie wewe. Mpelekee mayai na ndagala, vile visamaki vya ziwani, si chai ya sukari. Kidonda kipimwe kila wiki, na wewe uwepo.

Uliponipigia tena ulisema hakusemeshi tangu alipolazwa akajua ulimficha. Vumilia. Amekukasirikia akiwa bado na miguu miwili.

Mama Pascaline