Mita Hamsini na Mbili

Baba,

Assalamu alaykum. Leo Ijumaa, wanaume wameshakwenda msikitini, na Mama yuko jikoni na pilau ya watu watakaokuja baada ya sala. Mimi nimejifungia chumbani kwako. Miezi minane sasa tangu utuondoke, na kanzu zako bado zimetundikwa kabatini. Mama hataki ziguswe. Nimekaa kitandani, upande wako, nakuandikia barua ambayo sina pa kuipeleka, kwa sababu nina jambo limenikaa kooni na sina mwengine wa kumwambia.

Nimemjeruhi mnyama, Baba. Nimempiga kutoka mita hamsini na mbili. Halafu nikasema uwongo, na uwongo wangu umemwangukia rafiki yako Jonas.

Nimeshaandika. 

Unakumbuka ulivyokuwa ukinichukua Mutrah, hapa Muscat, nilipokuwa msichana? Tukitembea kando ya bahari, meli kubwa za watalii zimefunga bandarini, na wewe unasimama ghafla: "Haya mwanangu, mpaka nguzo ile ya taa, mita ngapi?" Nikisema arobaini, hunijibu. Unaanza kupiga hatua, unahesabu kwa sauti, kanzu yako nyeupe na bakora yako, watalii wanakutazama wanadhani mzee huyu ana wazimu. Ukifika kwenye nguzo unanigeukia. "Thalathini na moja! Jicho lako linakudanganya." Siku nyengine unanipeleka Yiti, kwa sababu ulisema kwenye mawe na mabonde jicho linadanganya zaidi kuliko barabarani. Mama akilalamika kuwa unanirithisha mambo ya kiume, unacheka tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita uliponichukua mara ya kwanza Afrika ya Kusini, kwenye shamba lile la uwindaji ulilokuwa ukienda kila mwaka. Bega lako lilikuwa limeshaharibika, huwezi tena kuvuta upinde wa kawaida, ndiyo ukahamia kwenye upinde wa kifyatulio, ule wenye kitako kama cha bunduki. Jonas, mfuatiliaji nyayo wa pale, alikukumbatia kama ndugu. Mlikuwa mnazungumza Kiingereza cha kuokoteza na vidole, mnaelewana vizuri kuliko mimi na ndugu yangu Said tunaozungumza lugha moja.

Sheria yako ilikuwa moja. Mita thalathini. Ikizidi hapo, hakuna kufyatua, hata mnyama akikusimamia ubavu mzima. Nilikuuliza kwa nini, maana upinde wenyewe una nguvu za kufika mbali zaidi. Ukanikalisha chini ukanieleza kama mwalimu. Mshale unakimbia, lakini sauti ya kamba inakimbia zaidi. Paa ana masikio. Akisikia mlio anajikunyata na kugeuka kabla mshale haujafika, na pale ulipolenga moyo sasa pana tumbo, au paja, au hewa. Kwa karibu hana wakati. Kwa mbali anao. Nikakwambia lakini kwenye gunia la shabaha nimepiga mita sitini, mishale mitatu, yote katikati. Ulinijibu, "Gunia halisikii kamba, mwanangu."

Na jambo jengine ukalisema mara moja tu, tena kwa sauti ya chini. "Unafyatua ukisema Bismillah. Jina la Mungu nnaogopa kulitaja juu ya kitu cha kubahatisha."

Nililijua hilo. Ndiyo maana siwezi kujitetea.

Safari yetu ya mwisho, mwaka jana. Unajua nitakapofika, na mimi naogopa kufika. Alitoka paa dume, wale wa Kizungu wenye pembe pana kama viganja, akasimama akila. Kipimo changu cha masafa kilisema mita arobaini na moja. Kidole changu kilikuwa tayari. Ukaja mkono wako, ukaushusha upinde wangu polepole mpaka ukaangalia chini. Paa akaondoka zake. Garini nikakwambia, mbele ya Jonas, "Baba, wewe unaogopa. Umezeeka."

Jonas hakujua Kiswahili. Lakini alijua. Aligeuza uso akatazama nje.

Wewe ulisema tu, "Inshallah nitazeeka zaidi."

Tukarudi Muscat tukawa tunaulizana hali kama majirani. Ulinipigia simu kazini Rusayl, niko na wakaguzi kiwandani, ukaniuliza, "Utapita jioni? Nimekununulia halwa." Nikakwambia nina kazi. Sikuwa na kazi ya kunizuia jioni, Baba. Nilikuwa bado nimenuna. Kesho yake baada ya alasiri Said alinipigia, na nilipofika ulikuwa umelazwa chini sebuleni, umefunikwa. Halwa ilikuwa kwenye friji. Mama alinipa niende nayo nyumbani. Niliila peke yangu jikoni, kijiko baada ya kijiko, mpaka ikaisha, kisha nikatapika.

Sikukuomba radhi. Nilidhani siku zipo.

Mwezi uliopita nikamwambia Mama nataka kwenda kuwinda kwa ajili yako. Nilitumia maneno hayo hayo, kwa ajili yako. Mama alilia kwa furaha. Said akanisindikiza kwa sababu Mama alimlazimisha, akakaa siku zote kwenye nyumba ya wageni na simu yake. Nilikwenda porini na Jonas, wawili tu. Nilipomwambia umefariki alivua kofia, akakaa juu ya jiwe muda mrefu, akaniuliza kama uliumwa. Nikamwambia hukuumwa. Akasema vizuri.

Siku ya tatu, mchana, alitoka dume mkubwa kuliko yule wa mwaka jana. Nikapima. Hamsini na mbili. Jonas akatikisa kichwa. Akaninong'oneza, "Mbali. Mbali sana," akaweka kiganja chake juu ya upinde, vile vile ulivyofanya wewe. Nikakisukuma kile kiganja, Baba. Nilimsukuma mkono mtu mzima, rafiki yako. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka kukuonesha kuwa mwaka ule mimi ndiye niliyekuwa sawa. Nilitaka kushinda ugomvi na maiti.

Nikasema Bismillah.

Niliona kila kitu. Nilimwona akisikia. Alijikunyata, akageuka nusu, vile vile ulivyonieleza, na mshale ukamwingia pajani, nyuma kabisa. Alitoa sauti. Hukuniambia kama wanatoa sauti. Akaondoka kwa miguu mitatu, mguu wa nne unaning'inia.

Tulisubiri, kisha tukafuata damu mpaka giza likatuzuia. Kesho yake tulirudi alfajiri. Jonas alitambaa kwa magoti kwenye majani akitafuta tone moja moja, mzee yule, na mimi nyuma yake sina faida yoyote. Tulipata mahali alipolala, majani yamelaliwa na damu imekauka. Baadaye tukafika kwenye kijito chenye mawe, na pale damu ikakatika. Jonas alizunguka mpaka jua likawa kichwani. Mwishoni alikaa chini akasema, "Bado anatembea." Ndilo neno lisilonipa usingizi. Bado anatembea.

Jioni yake mwenye shamba akatuita uwanjani, mbele ya wafanyakazi na wageni wengine. Pale shambani pia wana mpaka wao wa masafa, na mfuatiliaji ndiye mwenye dhamana ya kumzuia mgeni. Akaniuliza Jonas aliniambia nini. Said amesimama pembeni, wageni wananitazama, na mimi ni binti yako, binti wa yule mzee Mwomani waliyekuwa wakimsifu kwa uangalifu wake. Nikasema, "Sikumwelewa. Nilidhani ameniruhusu."

Jonas alinitazama. Nilingoja aseme.  Aliitazama kofia yake mikononi, akaigeuza, akaivaa.

Nikarudi Muscat. Mama alinipokea mlangoni, akaniuliza, "Umempata?" Nikasema alhamdulillah. Basi. Neno moja, na yeye akalijaza mwenyewe. Amewaambia shangazi zangu wote. Anawaambia watu binti yangu amekwenda kutimiza ya baba yake, na nyama wamepewa masikini wa kule. Nimemwacha aseme. Wiki ya pili ukaja ujumbe wa mwenye shamba, wa kawaida tu, kunishukuru kwa kuja na kunipa habari kwamba nikirudi nitapata mfuatiliaji mwengine, kijana. Jonas ameondolewa porini. Sasa anatengeneza ua wa nyaya unaozunguka shamba.

Baba, mtu yule amefuata nyayo umri wake wote.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Kazini naweka saini karatasi sizisomi. Nikifumba macho namwona anatembea kwa miguu mitatu. Nilikwenda makaburini nikasimamisha gari nje ya ukuta, nikitazama yale mawe mawili mawili ya makaburi yasiyo na majina na sijui lipi ni lako, maana sisi wanawake hatukufuata jeneza. Nilitaka kukuuliza nifanye nini. Nilikaa pale mpaka askari akaja kunigongea kioo akiniuliza kama nina shida. Nikamwambia sina.

Jumanne sikuweza tena. Nilitoka ofisini, nikaingia garini, nikampigia mwenye shamba. Nikamwambia yote: kwamba Jonas alinikataza kwa maneno na kwa mkono, kwamba mimi nilimsukuma, kwamba nilisema uwongo.  Kisha akasema, "Nilimuuliza Jonas mara mbili. Alisema labda hakunong'ona vizuri."

Labda hakunong'ona vizuri!

Alinikingia kifua, Baba. Kwa ajili yako. Mimi nilimtupa na yeye akanikingia. Nililia mbele ya yule mtu bila aibu. Nilipopoa, nikaomba nizungumze na Jonas. Akasema atamwita, nipige tena baada ya saa moja. Nikakaa garini saa nzima, joto la Rusayl, kiyoyozi kimezimwa, hata sikukumbuka kukiwasha.

Jonas aliniita "mtoto". Nikamwomba msamaha kwa lugha zote nilizonazo, mpaka akacheka kidogo. Nikamuuliza kuhusu paa. Alisita. Nikamwambia, "Nambie kweli, nakuomba." Akanambia alimkuta siku ya tano tangu mshale wangu. Alikuwa anatengeneza ua upande wa mbali, akamwona amejiegemeza kwenye nyaya, mguu umeshaoza, mshale umevunjika lakini kipande kimo ndani. Alikuwa hai. Alinyanyua kichwa akamtazama Jonas anakuja, na hakuwa na nguvu za kukimbia. Jonas alimmaliza kwa kisu, akamzika, hakumwambia mtu.

Siku tano.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia hata mwenye shamba. Akasema, "Ingerudi kwako." Nikamuuliza, "Ungenificha mpaka lini?" Akasema, "Baba yako naye, mwaka wake wa kwanza hapa, alipiga mbali. Mimi na yeye tulitafuta siku mbili. Ndipo aliponiambia, kuanzia leo, thalathini."

Hukunambia hilo. Miaka yote, Baba, hukunambia. Mbona hukunambia? Nilidhani ulizaliwa na sheria ile. Nilidhani ni woga. Ungenambia nami ningekushika mkono, nisingekwambia neno lile garini... au labda ningekwambia tu. Sijui. Nimekasirika na nimekuonea huruma kwa pamoja, na siwezi hata kukutazama usoni nikakwambia.

Mwenye shamba amenambia kwamba mimi sitokanyaga tena pale na upinde, na ana haki. Kuhusu Jonas anasema atafikiri, kwa sababu wafanyakazi wote walisikia uwanjani, na kurudisha heshima ya mtu siyo jambo la simu. Nikamwambia basi nitakuja mwenyewe, bila upinde, niseme pale pale, mbele ya wale wale.  Akasema njoo. Hakuahidi kitu zaidi ya hapo. Nimeshakata tiketi, Alkhamisi ijayo. Said nimemwambia kila kitu jana, nikitegemea atanisema. Akasema tu atakuja, na safari hii hatokaa ndani na simu.

Sijui kama itatosha. Jonas anaweza kubaki kwenye ua mpaka azeeke. Yule paa hatopunguziwa hata siku moja katika zile tano. Na neno nililokwambia wewe limebaki pale nilipoliacha, hakuna wa kulisikia likifutwa. Nilikuwa nikidhani kuandika kutanipunguzia. Hakujanipunguzia, Baba. 

Nakuomba radhi. Nimechelewa, na sina njia ya kujua kama inakufika, lakini nakuomba radhi kwa neno la garini, na kwa ile jioni niliyosema nina kazi. Nakuahidi Jonas hatoubeba mzigo wangu peke yake, hata kama nitalazimika kwenda mara tatu. Mungu akurehemu, akupe nafasi huko uliko, na akulaze bila maumivu.

Nawasikia watu wanaingia, sala imekwisha. Shangazi anamuuliza Mama habari za paa wangu, na Mama ameshaanza kumhadithia, kwa ile sauti yake ya fahari. Naiweka kalamu. Natoka kumwambia kweli mbele yao wote, kabla hajafika mwisho.

Binti yako,
Zuhura